Jinsi ya kupanga jiko na sehemu ya kula kwenye HiAce, mpaka ugali usongeke

Nianze na ugali. Kabla hujamuita fundi na kabla hujashika tepu, jiulize kwenye hilo gari utakuwa unapika nini, maana picha nyingi za magari ya kulala tunazozitazama mtandaoni ni za wenzetu wa Ulaya, asubuhi wanachemsha kahawa, jioni wanapasha supu ya kopo, basi, kale kajiko ka plate moja juu ya kabati jembamba kanawatosha kabisa. Sasa we chukua kajiko hako hako, bandika sufuria ya ugali wa watu wanne, shika mwiko uanze kusonga uone. Mi nilifanya hivyo safari ya kwanza, tumepaki mahali baada ya Mikumi, jiko likaanza kutembea juu ya kabati, nikalizuia kwa kiwiko, sufuria ikaniacha ikaenda chini na uji wake wote. Siku hiyo tulikula mkate na ndizi.

Fundi wangu wa Keko alikuwa ameshaniuliza mapema kabisa, "Bosi, kwani ugali mnasongea wapi hapa?" nikamwambia fundi we fuata mchoro. Nilikosea. Kwa hiyo haya ninayoyaandika ni ya jiko la pili, lile la kwanza limeshakuwa kabati la viatu nyumbani.

Gari lenyewe ni HiAce ya 200 series, bodi ya kawaida, roof fupi, hizi tunazoziona kila siku barabarani. Kwa nje ina urefu wa mita 4.695 na upana wa mita 1.695, Wajapani waliibana hivyo makusudi ili isizidi mita 4.7 kwa 1.7 iingie kwenye kundi la magari madogo huko kwao. Ndani ukitoa siti za abiria unabaki na sakafu kama mita 3 kwa mita 1.5 na ushee, na kimo kama mita 1.3. Ila pima lako, usichukue namba zangu ukaenda nazo kwa fundi, sababu ukishaweka plaiwudi chini na silingi juu umeshakula sentimita 5 au 6, na kwenye matairi bodi inaingia ndani, na mlango wa nyuma ni mwembamba kuliko upana wa ndani, hapo ndo wengi wanaumia, mtu anatengeneza kabati zuri sebuleni halafu haliingii.

Kimo hicho cha mita 1.3 ndo kinaamua kila kitu. Ndani husimami. Kama we una ile yenye roof ndefu sawa, unaweza kupika ndani umeinama kidogo, lakini kwa roof fupi kupikia ndani ni kupiga magoti, na magoti yakipiga siku tatu mfululizo safari imeisha utamu. Kwa hiyo jiko langu liko nyuma kabisa mlangoni, linavutwa nje kama droo, mpishi anasimama chini kwenye ardhi, ule mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu unakuwa kivuli chake. Wazo sio langu wala sio jipya, Westfalia wa Ujerumani waliuza Camping Box yao ya kwanza ya basi la Volkswagen mwaka 1951, boksi la mbao unaliingiza wikiendi, wiki ikianza unalitoa gari linarudi kazini. Na kwa sisi ambao gari hilo hilo Jumatatu linabeba mizigo, hiyo ni akili kubwa sana, jiko langu linafungwa kwenye matundu yale yale ya bolti za siti za abiria, bolti 4 tu, dakika 20 liko nje.

Kabla ya kukata mbao kata maboksi. Sitanii. Chukua maboksi ya tv au ya friji pale madukani wanayatupa, tengeneza jiko zima la karatasi na selotepu, liweke kwenye gari, halafu jifanye unapika. Chukua sufuria halisi, mwiko halisi, vuta droo, geuka uchukue chumvi, mwaga maji. Utajiona mjinga majirani wakipita, ila mi hapo ndo niligundua kwamba droo ikivutwa sentimita 60 nje, mpishi hawezi kusimama mbele yake tena, inabidi asimame pembeni, na pembeni ya droo yangu ya kwanza palikuwa na droo nyingine! Yaani mtu hana pa kusimama.

Suluhisho lilikuwa kuacha pengo katikati. Boksi la kushoto upana 42, la kulia 42, katikati 45. Mpishi anasimama kwenye pengo, jiko liko mkono wake wa kushoto, sehemu ya kukatia na kuoshea iko kulia, hatembei hata hatua moja. Na lile pengo gari likitembea halikai bure, humo linaingia deli la barafu, ukifika unalivuta unaliweka chini, unasimama ardhini mbele ya pale lilipokuwa, katikati ya droo mbili. Kama we ni wa mkono wa kushoto geuza.

Sasa vimo. Sakafu ya HiAce kutoka ardhini iko kama sentimita 62 gari likiwa tupu, na boksi langu lina kimo cha 28, jumla 90, ndo kimo cha meza ya jikoni ya nyumbani, hapo juu unakata kitunguu vizuri mgongo umenyooka. Ila jiko lenyewe usiliweke juu ya hiyo 90! Hili ndo kosa nililolifanya mwanzo na ndo ninaloliona kwenye kila mchoro. Jiko lina kimo chake, sufuria ina kimo chake, ukijumlisha mdomo wa sufuria unafika kifuani na ugali hausongwi kifuani, unasongwa mkono ukiwa unashuka, uzito wa bega unaingia kwenye mwiko. Kwa hiyo jiko linakaa ndani ya droo, kwenye sakafu yake, plate zinakuja kama 75 kutoka ardhini, mdomo wa sufuria kwenye 90 hivi. Mke wangu ni mfupi kuliko mimi, anasema kwake bado iko juu kidogo, anasimama juu ya kreti ya soda.

Halafu zuia sufuria isizunguke. Mi nilimpa fundi wa kuchomelea pale Gerezani kipande cha nondo nyembamba, akanikunjia kitu kama herufi U kinachochomekwa kwenye ukingo wa droo na kushika sikio la sufuria. Kitu cha dakika kumi, na ndo kitu bora kuliko vyote kwenye gari lile. Jiko nalo limefungwa kwa skrubu kwenye sakafu ya droo, chini yake kuna bati, pembeni pande tatu kuna bati pia, na kati ya bati na mbao kuna upenyo wa kidole kimoja hewa ipite, maana bati lililogusa mbao linapata moto na mbao inaungua taratibu bila we kuona.

Droo iliyovutwa nje na sufuria juu yake na mtu anaikandamiza na mwiko, hizo reli za droo za kabati la nguo hazifiki popote. Kuna reli nzito zenye loki, zipo Kariakoo, ukipata ni vizuri. Mi sikutumia, nimetumia njia za mninga zimepakwa mshumaa, mbao juu ya mbao, inateleza kama kawaida na haina cha kuharibika, alafu mbele ya droo kuna mguu wa kukunja unashuka mpaka ardhini, wa skwea paipu mbili moja ndani ya nyingine na pini, ili ardhi ikiwa haiko sawa unarefusha au unafupisha. Bila huo mguu usisonge chochote.

Mbao: MDF hapana. Inavutia, imenyooka, bei nzuri, ila ikinusa maji inavimba kama andazi, na ni nzito, shiti moja ya futi 4 kwa 8 ya milimita 18 inakaribia kilo 40. Plaiwudi ya milimita 12 inatosha kwa maboksi, milimita 9 kwa sakafu za droo, na zile marine za kumwagia zege zinavumilia maji vizuri tu ingawa uso wake ni mbaya, unazifunika kwa fomeka. Kona zote tia gundi ya mbao kwanza ndo skrubu, na pale inapofunga na bodi ya gari tumia bolti na nati zenye plastiki ndani, sababu skrubu tupu mbele ya rasta za barabara ya Morogoro hazina maisha, zile rasta zinafungua skrubu kama mtu ameshika bisibisi.

Na makomeo! Kila droo iwe na komeo la chuma la kusukuma, sio sumaku. Sumaku ni za nyumbani. Mi nilikuwa na sumaku, tunapanda Kitonga, kona ile kali, nikasikia kishindo nyuma, nikajua lori limetugonga, kumbe droo ya vyombo imetoka yote imepiga mlango wa nyuma, na huwezi kusimama pale Kitonga ukaangalia, nyuma una malori mpaka huko chini, tukapanda mpaka juu sahani zinacheza ngoma.

Gesi sasa, na hapa naomba usome taratibu. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi ikatoka dirishani, inashuka inalala sakafuni kama maji, na sakafu ya gari ni beseni. Kwa hiyo mtungi usafiri kwenye kiboksi chake peke yake, kimezibwa upande wa ndani ya gari kwa silikoni, na chini kina tundu linalotoka nje moja kwa moja kupitia sakafu ya gari, mbali na bomba la moshi. Tundu hilo usilizibe hata vumbi likiingia. Mtungi usimame wima muda wote, ukiulaza inatoka gesi ya maji maji, moto unaruka. Mi natumia wa kilo 3, mdogo, nikifika nautoa nauweka chini ardhini, mpira una urefu wa mita moja na nusu, ninapika, nikimaliza nafunga kwenye mtungi na sio kwenye jiko tu. Kabla ya kila safari povu la sabuni kwenye regyuleta na kwenye klipu, ukiona puto linatoka usiondoke nyumbani. Ule mtungi wa kilo 6 wenye plate juu yake, nyumbani sawa, ila kwenye gari ni mrefu, juu kuna sufuria, unaanguka.

Mkaa ndani ya gari hapana kabisa, hata kama milango iko wazi, na hata lile jiko lililokwisha kuwaka lina makaa tu ya kuotea baridi. Najua baridi ya Mafinga na Lushoto usiku inavyokuwa, unatamani kuingiza jiko ndani mpate joto, lakini ile hewa ya mkaa haina harufu wala haionekani na watu wanalala hawaamki. Beba blanketi. Kizima moto kikae karibu na mlango wa pembeni, kisikae nyuma ya jiko, sababu jiko likiwaka moto utalikimbia, hutaruka juu yake kwenda kuchukua kizima moto.

Maji hayana mambo mengi. Madumu mawili ya lita 10 ni bora kuliko moja la 20, dumu la 20 ni kilo 20, unalibeba kutoka bombani mpaka kwenye gari mkono mmoja unarefuka. Pampu ya umeme ya volti 12 na tenki na mabomba nilianza nayo, nikaitoa. Sasa hivi natumia ile pampu ndogo ya kuchaji wanayoweka juu ya chupa kubwa za maji ya kunywa, unabonyeza maji yanatoka, na kama imeisha chaji unamimina tu kwa mkono kama binadamu. Sinki ni beseni la stainless lililozama kwenye tundu juu ya boksi la kulia, unalinyanyua unamwaga. Dumu la maji machafu liwepo, na mafuta uliyokaangia usimwage porini, yaache yapoe rudisha kwenye chupa.

Friji ya kompresa ya volti 12 ni kitu kizuri ukiwa na uwezo, ila inadai betri ya maana na sola, bajeti yote inageuka kuwa ya umeme. Kama safari zako ni za siku mbili tatu, deli na barafu linatosha, mi nachukua barafu Feri asubuhi pamoja na samaki, nagandisha na chupa mbili za maji ya kunywa ambazo zikiyeyuka tunakunywa. Ila ukiamua friji, usiiweke nyuma ya siti ya dereva, injini ya HiAce iko chini ya siti za mbele, pale panapata joto sana, friji itafanya kazi ya kupoza injini.

Haya, kula. Benchi mbili za kukaa zinatembea na urefu wa gari, kila moja upana 48, katikati njia ya 50, na chini yake ndo unaficha ule uvimbe wa matairi, unaweka na unga, mchele, viti vya kukunja. Kimo cha benchi pamoja na sponji ni 35, sio 45 kama kiti cha nyumbani. Kwa nini? Kaa chini sakafuni, pima kutoka kalio mpaka utosi. Mimi nina 88. Ndani baada ya silingi nina 126, toa 35 inabaki 91, nimepona kwa vidole viwili. Ukiweka 45 kila tuta ni kichwa na bati. Kwa sababu hiyo hiyo usiweke makabati ya juu pale watu wanapokaa, yanaonekana mazuri kwenye picha lakini mgeni wako atakula shingo imepinda.

Ubao wa meza ni mmoja, ila unafanya kazi tatu, na huu ndo naupenda kuliko vyote baada ya ile nondo ya sufuria. Mchana unasimama kwenye mguu mmoja wa bomba katikati, kimo kama 27 juu ya benchi, hapo unakunywa chai, unaandika, watoto wanachora. Usiku unaushusha unalala kwenye vipande vya mbao vilivyopigiliwa kwenye benchi, unaziba ile njia ya katikati, sponji za mgongoni zinajaza, kitanda kimepatikana. Mlale kwa urefu wa gari, msilale kwa upana, maana upana wa kitanda haufiki mita 1.5 na mtu mzima hatoshi labda akunje miguu. Hesabu yangu: mita 3, toa 65 za jiko, toa 185 za kitanda, nabaki na nusu mita mbele pale mlango wa pembeni, ndo sebule, ndo pa kuvulia viatu.

Kazi ya tatu ya ubao ni ya sinia. Jamani sisi tunakula wali kwenye sinia, mkono, watu wanne watano wamezunguka, sasa kwa nini tuhangaike kubana viti vinne na sahani nne na vikombe vinne kwenye mita moja na nusu? Nje ya gari natandika jamvi, ubao nauwekea miguu mifupi minne ya kuchomeka, sentimita 22, sinia juu, birika na beseni la kunawa linapita, tumemaliza. Vyombo vya kuosha ni sinia moja na bakuli la mchuzi, ukiwa na lita 20 za maji utaelewa ninachosema. Mvua ikinyesha kuna turubai la mita 3 kwa 2 linalofungwa kwenye mlango wa nyuma na fimbo mbili, na ikinyesha ile ya upepo kabisa tunaingia ndani, ubao unashushwa chini karibu na sakafu, tunakaa benchi tunainama kwenye sinia, imebana lakini inafaa. Kukaanga samaki ndani ya gari ila usijaribu, godoro litanuka wiki nzima, shemeji yangu alifanya hivyo Pangani na mpaka leo namkumbusha.

Kitu kidogo: mbuzi ya nazi ile ya kukunja inakaa kwenye droo, ukiikunjua ni kiti cha tano.

Taa ya nyuma weka ya njano na sio nyeupe, nyeupe inaita wadudu wote wa wilaya kwenye mchuzi, na neti ya mlango wa nyuma shona na vitu vizito kwenye pindo isipepee kwenye moto. Mi napika kabla ya magharibi, hotipoti na chupa ya chai vinafanya kazi iliyobaki.

Ukimaliza kujenga usipake rangi. Lipeleke gari kwanza kwenye barabara mbovu nusu siku, droo zimejaa vyombo, halafu simama popote usonge ugali wa watu wanne. Kila kinachogonga kiwekee kipande cha sponji, kila nati iliyolegea kaza, kila kona inayokuchoma kwenye paja ikwanguliwe na msasa. Mi nilirudi kwa fundi mara tatu, mara ya tatu akaja mwenyewe barabarani na bisibisi yake, akala na ugali. Rangi ilikuja mwezi wa pili, na droo ya kushoto bado ina kovu la mwiko ambalo fundi alitaka kuliziba na mi nikamkatalia.